Guyonne na Mimba ya Malkia

Wifi yangu Guyonne alibeba mimba nyingi kuliko mwanamke yeyote wa Saint-Cormeil, na mpaka mwaka ninaousimulia hakuna hata moja iliyokuwa imetoa mtoto. Zote zilikuwa chumvi.

Nalisema hili bila haya kwa kuwa hata mimi, Renotte, nimebeba. Sisi tunakaa upande wa Maine, na ukivuka kijito chetu uko Bretagne. Kule mfalme hatozi kodi ya chumvi. Huku anaitoza mpaka mtu anaona afadhali nguruwe wake aoze. Sasa wewe mwenye akili zako, na daraja liko pale mbele ya macho, utafanya nini? Wanaume walipita mashambani na mizigo mgongoni, wakiruka mitaro kwa fito ndefu zenye ncha ya chuma, kama babu zao walivyoruka. Wanawake tulipita darajani mchana kweupe, wajawazito. Mfuko wa kitani ulifungwa chini ya sketi. Kwenda tuliujaza pumba, kurudi tuliujaza chumvi. Guyonne ndiye aliyetufundisha kulikuza tumbo kwa adabu, mwezi hadi mwezi. Kabla yake kulikuwa na wapumbavu waliovuka asubuhi wembamba na kurudi adhuhuri wakiwa na miezi minane.

Mkuu wa askari wa chumvi pale darajani alikuwa Kapteni Pocquet, mtu mrefu, kapera, mwenye pua ya kunusia mambo ya wenzake. Huyu aliwaogopa wanawake kuliko risasi. Mwaka wake wa kwanza alilipapasa tumbo la mke wa mwoka mikate, na tumbo lile likawa la kweli, na mke yule alikuwa ameshika koleo la kutolea mikate tanurini. Tangu siku hiyo Kapteni hakugusa tumbo la mtu. Alitutazama tu tukipita, akasaga meno.

Basi, Novemba moja mvua ilimkuta Guyonne katikati ya daraja. Mwenye kujua chumvi anajua kilichofuata. Maji yakaanza kumchuruzika miguuni, na askari wote wakakodoa macho. Mimi nilikuwa nyuma yake na nilikwisha kujiona gerezani. Guyonne akalishika tumbo, akainama, akasema kwa sauti ya kufa, "Chupa imepasuka." Kapteni Pocquet akawa mweupe. Akavua joho lake akamfunika, akamwita askari alete mkokoteni, akamsindikiza mpaka mlangoni kwake huku akimwambia apumue.

Kesho yake ng'ombe wa mjane Tarvin walifika darajani wakagoma kwenda mbele. Waliinamisha vichwa, wakalamba mbao. Walipigwa, hawakutikisika. Kapteni akatoka kibandani, akatazama ng'ombe, akatazama mbao, kisha akainama akachovya kidole na kukionja. Jumapili, nje ya kanisa, akamkabili Guyonne mbele ya watu wote na kumwuliza kama mtoto hajambo.

"Ameyeyuka, Kapteni," Guyonne akajibu.

Kicheko kile kilitugharimu. Mimi nilicheka kuliko wote, na nimekijutia kuliko wote, maana aliyekilipia ni ndugu yangu.

Siku za mwizi ni arobaini, na zetu ziliisha Januari. Baridi ya mwaka ule ilikuwa baridi ya kupasua mawe. Ambroise, kaka yangu na mume wa Guyonne, aliusimika ufito wake ili aruke mtaro kama alivyoruka tangu utoto, na ncha ikateleza kwenye barafu. Alikutwa amekaa mtaroni, kifundo cha mguu kimeteguka, chumvi mgongoni, ufito mkononi. Aliyemkuta ni Kapteni mwenyewe. Sasa sikiliza ubaya wa moyo wa mtu aliyechekwa. Sheria inasema mpita-chumvi asiye na silaha hupigwa faini na viboko; mwenye silaha hupelekwa Marseille kupiga makasia kwenye merikebu za mfalme, na watokao huko wakiwa hai wanahesabika. Kapteni Pocquet alikwenda mjini Laval, akainua mkono mbele ya hakimu, akaapa kwamba ule ufito wenye chuma ulikuwa mkuki.

Ambroise akahukumiwa makasia. Mnyororo wa wafungwa wa kwenda Marseille ungepita Laval wakati wa kuvuna matofaa, na mtu akishafungwa kwenye mnyororo ule, majirani huanza kumwita mkewe mjane. Na hapo ndipo Guyonne alipogundua kwamba safari hii tumbo lilikuwa linakua bila kujazwa. Hakuna aliyemwamini. Mimi mwenyewe nilimwambia aache mizaha, mpaka aliposhika mkono wangu akauweka pale, na kitu ndani kikanipiga teke.

Masika yalipoingia, Padri Lochu alitutangazia madhabahuni kwamba malkia ana mimba na tumwombee. Watu wakapiga miayo. Malkia alikuwa amekwisha kuzaa mabinti watatu, wawili wakaja kwa mkupuo mmoja, na kila mara tulikusanya kuni za kuwasha moto wa furaha kwa ajili ya mrithi, na kila mara kuni zikaishia kuoka mikate. Lakini mchuuzi mmoja wa sindano, aliyepita akielekea Paris, alisema jambo lililomsimamisha Guyonne na kijiko mkononi. Alisema akizaliwa wa kiume, mfalme atafungua magereza. Hata wapita-chumvi watatoka, isipokuwa waliokamatwa na silaha.

"Mume wangu hakuwa na silaha," Guyonne akasema.

"Kapteni wenu anasema alikuwa nayo," mchuuzi akajibu, akaendelea kula.

Toka siku ile wifi yangu akaanza kuilea mimba ya malkia. Ya kwake aliisahau. Ilijikuza yenyewe kama boga. Alimwuliza Padri Lochu kama malkia analalia ubavu wa kulia, maana mwenye kulalia kulia huzaa wa kiume, na padri akajibu kwamba Injili haikuligusa hilo. Alimpa mchuuzi utepe mwekundu wa kufungia soksi, aliouvaa siku ya harusi, ili auchomeke chini ya godoro la malkia. Mchuuzi akaapa atafanya hivyo, akala chapati zetu za ngano nyeusi mpaka za mwisho, akaondoka. Nadhani utepe ule ulivaliwa na msichana fulani wa Le Mans, na nadhani Guyonne alilijua hilo, ila mwenye shida hachagui mjumbe.

Kijijini neno "binti" likapigwa marufuku. Mjane Tarvin, ambaye hakuzaliwa kunyamaza, alisema siku moja tukiwa tunafua kwamba mwanamke akianza na mabinti watatu, tumbo limeshazoea njia.

"Na ulimi wako, mama, umezoea njia gani?" Guyonne akamwuliza, na kabla hajajibiwa akamfunika kichwa kwa shuka lililolowa maji. Tulimtoa mjane chini ya shuka akiwa anatukana kwa lugha ya Bretagne, ambayo hakuna aliyejua kwamba anaijua.

Na Kapteni? Kapteni alikuwa anangoja. Aliliona tumbo la Guyonne likipita sokoni na kanisani, likiongezeka, na akawaambia askari wake wasimguse. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema tunda halichumwi bichi. Alikwisha kupiga hesabu kwamba Guyonne anajaza taratibu kwa ajili ya mzigo mmoja mkubwa wa kumlipia mume wake mawakili, na siku litakapoiva, atalivuna yeye, mchana, mbele ya watu wote waliomcheka.

Mwanzoni mwa Septemba, Guyonne akasema anakwenda kwa miguu mitupu kwenye kanisa dogo la Bikira, ng'ambo, kumwombea malkia. Nikamwambia ana wazimu, mwezi wake umetimia. Akasema na wa malkia umetimia pia. Nikaenda naye, viatu vyangu vya mbao miguuni, vyake nimevishika mkononi. Alipiga magoti mbele ya Bikira muda mrefu, midomo ikicheza, mimi nikisinzia. Tulipogeuka kurudi, uchungu ukamshika njiani.

Kapteni Pocquet alikuwa amesimama katikati ya daraja, mikono nyuma, amevaa koti safi.

"Leo hakuna mvua, mama," akasema.

"Kapteni, nipishe. Nina uchungu."

"Najua unao. Nami nina subira." Akafungua mlango wa kibanda cha askari kwa heshima zote. "Ingia ukae. Mtoto hutoka mwenyewe, chumvi haitoki. Mpaka jioni tutajuana."

Nilimwambia Kapteni maneno ambayo sitayarudia, kuhusu yeye na kuhusu mama yake. Alinisikiliza kwa utulivu wa mtu aliyejiandaa kwa hayo, akatuwekea kiti. Guyonne akakaa, akashikilia ukingo wa meza, akauma ukosi wa nguo yake. Kila alipogumia, Kapteni alitikisa kichwa kwa askari wake kama anayesema, mnaona anavyojua kuigiza. Kisha maji yakamwagika kweli, yakaenea sakafuni mpaka kwenye buti za Kapteni. Aliyatazama. Naapa mbele ya yeyote kwamba aliinama kidogo, kidole tayari.

"Onja," nikamwambia.

Hakuonja. Aliuangalia uso wa Guyonne, na nadhani kwa mara ya kwanza aliuona. Tunasema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, na yeye siku ile alikuwa ametukana wakunga, wazazi na uzazi wenyewe. Askari wake wakakimbia, huyu anakwenda kuleta maji, yule kuleta nguo, wengi hawakuleta chochote. Kapteni naye alitaka kukimbia, lakini Guyonne alikuwa amemshika mkanda, na mwanamke aliye katika hali ile hana wa kumbandua. Basi mwakilishi wa kodi ya chumvi akabaki amepiga magoti, macho kayafumba, akisali sala zote alizozikumbuka na nyingine za kuokotea, mpaka mtoto akatoka mikononi mwangu.

Alikuwa msichana. Alikuwa mzima, mnene, mwekundu. Alikuwa amefungua macho, bado anajiuliza kama alie au anyamaze. Na katika ule ukimya mfupi Guyonne akasema kwa ile sauti yake ya kufa, "Hapumui. Kapteni, mbatize."

Nikamtazama wifi yangu. Naye akanitazama. Tumeishi nyumba moja miaka sita, tumegombana kila Jumamosi. Sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Nikamgeuza mtoto uso kwenye kifua changu, nikaanza kutikisa kichwa kwa huzuni.

"Mimi?" Kapteni akasema. "Mimi si padri."

"Mtoto anakufa bila ubatizo, na wewe ndiye uliyenizuia nisifike nyumbani," Guyonne akasema. "Maji si hayo mezani kwako?"

Kweli, palikuwa na jagi lake la kunywea. Akalichukua kwa mikono yote miwili, maji yakimwagika kila upande, akamimina kidogo kwenye kichwa cha mtoto na kuyatamka maneno, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, huku meno yakigongana. Maji yalikuwa ya baridi. Mtoto akapiga ukelele uliowashtua farasi nje. Kapteni akaduwaa, akaanza kulia machozi makubwa kama ya mtoto wa shule.

"Amefufuka," akasema. "Mmeona? Amefufuka mkononi mwangu."

Sikuwa na moyo wa kumkatalia. Na hapo, Kapteni akiwa bado anajifuta pua, Guyonne akamshukuru kwa upole: "Mungu akulipe, mzazi mwenzangu."

Niliuona uso wa Kapteni ukiganda. Kwetu kila mtu anajua, na hata watu wa mbali wanajua, kwamba aliyembatiza mtoto amekuwa ndugu wa baba na mama yake. Huwezi kuoa kwao, huwezi kuwashtaki, huwezi kuapa dhidi yao. Ukiapa, mvua ya mawe inakufuata shamba hadi shamba, na majirani wanakufuata na majembe. Kapteni Pocquet alikuwa ameapa tayari dhidi ya Ambroise, ila wakati ule hawakuwa ndugu. Sasa walikuwa ndugu.

Padri Lochu alipokuwa akiukamilisha ubatizo ule kanisani alinung'unika sana kuhusu watu wanaofanya mambo kwa haraka, akanitazama mimi. Kisha akataka chumvi ya kumtia mtoto ulimini, kama desturi ya ubatizo ilivyo, akakuta kikombe chake kitupu. Chumvi imekwisha Saint-Cormeil! Watu walicheka mpaka wakajikunja. Kapteni akatoka, akarudi na konzi ya chumvi kutoka ghala la kibanda chake, na hakuna aliyekuwa kanisani asiyejua ilikamatwa kutoka mgongo wa nani. Mtoto akalamba, akakunja uso. Tukamwita Marie-Aubine.

Siku chache baadaye kengele zikaanza kulia kutoka upande wa Laval, kijiji hiki kikakipokeza kile, mpaka zetu nazo zikaanza. Mjumbe akapita akipiga kelele juu ya farasi: malkia amezaa wa kiume. Moto wa furaha uliokosekana kwa mabinti watatu ukawaka hatimaye. Pombe ya matofaa ilitoka bure, watu wakacheza na viatu vya mbao mpaka vikapasuka, na mjane Tarvin akadai kwamba yeye alilisema tangu mwanzo. Guyonne hakucheza. Alikaa na mtoto, akautazama moto. Magereza yangefunguliwa, lakini kwa wasio na silaha.

Kila siku baada ya hapo alimfunga mtoto mgongoni akaenda naye darajani. "Msalimie baba yako wa ubatizo," alimwambia, akampa Kapteni ampakate, akazungumza naye habari za maziwa na tumbo la kukata. Habari za Ambroise hakuzigusa. Mimi nilipandwa na hasira. Matofaa yalikuwa yameanza kuanguka na mnyororo ulikuwa njiani. Nikamwambia apige magoti, aombe, alie, afanye kitu.

"Nikimwomba atakataa," akasema. "Kukataa watu ndiyo kazi yake, wifi. Kumkataa mtoto hajafundishwa."

Hakimu wa Laval akawaita mashahidi mmoja mmoja ili aamue nani atoke na nani abaki. Tulikwenda, na Kapteni alikwenda, kila mmoja kwa njia yake. Ufito wa Ambroise ulikuwa juu ya meza, mrefu kuliko meza. Ambroise alikuwa amesimama kando na minyororo miguuni, hakuruhusiwa kutugeukia. Guyonne alikuwa mlangoni na mtoto.

Hakimu akamwuliza Kapteni kama kile alichokiona mezani ni silaha. Kapteni akauendea ufito, akaushika, akauinua, akaupima. Nyuma yetu Marie-Aubine akaanza kulia kwa njaa. Kapteni akageuka akamtazama, kisha akaurudisha ufito mezani taratibu.

"Ni fimbo ya kurukia mitaro, mheshimiwa."

"Januari uliapa ni mkuki."

"Januari kulikuwa na baridi sana, mheshimiwa," Kapteni akasema.

Hakimu alimtazama muda mrefu. Sijui aliona nini, labda aliona mtu ambaye kesho angeitwa mjinga na mabwana zake wa kodi, na ambaye alilijua hilo na bado amesimama. Akaandika kitu, akasema wa pili aitwe. Mimi Kapteni Pocquet nilimchukia miezi tisa kamili, na siku ile ningempikia nguruwe mzima.

Walimtoa Ambroise alasiri, kupitia mlango mdogo wa pembeni. Alikuwa amekonda, mguu anauburuta, ndevu zimemfika kifuani. Wafungwa wote walikuwa wameimba juma zima kwa ajili ya mtoto wa mfalme, na sauti ilikuwa imemkauka. Alisimama mbele ya mkewe. Kisha akakiona kile kifurushi mikononi mwake. Ambroise ni mwana wa pekee wa kiume wa baba yetu, na tangu harusi yake alikuwa akitaja jina la mtoto wa kiume atakayempata.

"Wa kiume?" akauliza.

"Wa kiume nilimwachia malkia," Guyonne akasema. Hakutabasamu. "Nilimwambia Bikira, kama unao wavulana wawili, sawa. Kama unaye mmoja tu, mpe yeye, mimi nirudishie mume."

Nilikuwa pale kanisani nikisinzia, na sikulisikia neno hilo. Ambroise akanyoosha mikono, akampokea binti yake, akambeba hivyo hivyo akichechemea njia nzima mpaka nyumbani, na hakutaka hata mimi shangazi yake nimsaidie.